Usiniambie Gari Yako Ni Farasi 400. Nionyeshe Karatasi.

Wasee, nitasema hii kitu wazi ndio tusizungushane: kati ya Kitale na Bungoma kuna farasi wengi kwa mdomo kuliko walio kwenye injini. Kila Forester yenye ekzosti kubwa ni farasi 350. Kila Impreza yenye pua kwa boneti ni 400. Ukiuliza ilipimwa wapi unaambiwa "fundi alisema," ama "si unaskia mlio," ama "ingia ndani nikuonyeshe." Hakuna karatasi wala grafu. Kuna mlio na imani.

Maoni yangu ni haya. Injini ya turbo iliyojengwa upya bila vipimo ni bahati nasibu. Na kutyuni bila daino, ama angalau bila data iliyorekodiwa, ni kubahatisha na pesa ya mtu. Anayeumia hapo si tajiri mwenye gari tatu. Ni kijana wa Kiminini aliyeweka pesa ya mahindi ya msimu mzima kwa injini. Ni mwalimu wa Bungoma aliyechukua loan ya sacco akaambia bibi ni ya ploti. Ni fundi mdogo ambaye jina lake limechafuka sababu injini ilikufa wiki mbili baada ya kutoka kwa gereji yake, na hajui kwa nini, na mwenye gari pia hajui kwa nini. Hakuna mtu aliyepima kitu, kwa hivyo hakuna mtu anayeweza kujifunza kitu.

Kabla mniite hater: napenda mlio wa Subaru kama nyinyi. Patrick Njiru alifanya jina la Subaru likae vichwani mwa wazee wetu miaka ya 90. Carl Tundo, mtu wa Kitale hapa, ameshinda Safari Rally mara 5. Mapenzi yetu na gari zinazokimbia ni ya ukweli na yana historia. Shida yangu ni namba za kutunga.

Tuanze na hewa, juu hewa ndio kila kitu

Injini ni pampu ya hewa. Petroli inafuata hewa. Ukipata hewa zaidi unachoma petroli zaidi, unapata nguvu zaidi. Turbo inachukua moshi unaotoka, inautumia kuzungusha feni, na hiyo feni inasukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Hiyo presha ya ziada ndio busti.

Sasa sikiza. Mombasa, kando ya bahari, hewa inakusukuma na presha ya karibu kilopaskali 101. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huko presha ni kama 80. Bungoma iko chini kidogo, karibu mita 1,400, presha kama 85 hivi. Maana yake, gari isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 20 ya nguvu zake ikiwa Kitale, bila kuharibika kitu chochote. Ndio maana turbo inapendwa huku kwetu. Si sifa tu. Hewa ya hapa ni nyepesi, na turbo ndio inarudisha kile mlima umechukua.

Lakini hairudishi bure. Geji ya busti kwenye dashibodi inahesabu kuanzia presha ya nje. Ukiona baa 1 Mombasa, ndani ya injini kuna karibu baa 2 kamili. Ukiona hiyo hiyo baa 1 Kitale, ndani kuna 1.8. Ukitaka kufikia zile 2, geji lazima isome 1.2. Mombasa turbo ilikuwa inabana hewa mara 2. Kitale inabana mara 2.5. Inazunguka haraka zaidi, inapasha hewa zaidi, na inakaribia mwisho wa uwezo wake ukiwa bado unadhani umeiongeza kidogo tu.

Kwa hivyo yule msee anayedownload faili ya tyuni iliyoandikwa Uingereza ama Japani, anaiweka kwa ECU, kisha anapandisha busti "mpaka gari iskie vizuri," anaomba turbo ndogo ifanye kazi ambayo haikujengewa. Na akitoka Kitale, apite Kamukuywa, Misikhu, Webuye mpaka Bungoma, ameshuka karibu mita 500. Akiendelea Kisumu, ameshuka zaidi tena. Hewa inaongezeka njia nzima. Kama busti yake inashikwa na kifaa cha mkono kilichofungwa Kitale na hakuna mtu aliyeangalia ECU inafanya nini hewa ikibadilika, gari inaweza kuwa sawa nyumbani na ianze kujiumiza ikifika mbali. Watu wanasema "Kisumu kuna joto, ndio maana ilikufa." Joto ni sehemu ya hadithi. Sehemu nyingine ni hesabu ambayo haikufanywa.

"Imenoki" ni neno moja, magonjwa matatu

Ukienda gereji yoyote hapa na injini inagonga, utaambiwa "imenoki." Hili neno linabeba mambo matatu tofauti, na kuyachanganya kunakula pesa.

Noki ya kwanza ni mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda. Mchanganyiko wa hewa na petroli unatakiwa kuungua kuanzia kwa plagi, moto usambae kwa mpangilio. Joto na presha zikizidi, sehemu ya mchanganyiko inalipuka yenyewe kabla moto haujafika. Hiyo ni nyundo juu ya pistoni, maelfu ya mara kwa dakika. Mara nyingi huwezi kuiskia ukiwa na ekzosti kubwa na muziki.

Noki ya pili ni beringi ya konrodi kuisha. Hiyo unaiskia: tok tok tok inayofuata mizunguko ya injini.

Ya tatu ni injini kukwama kabisa, haizunguki tena.

Kinachouma ni kwamba ya kwanza inaweza kuzaa ya pili, na ya pili inazaa ya tatu. Kama fundi anabadilisha beringi (noki ya pili) bila kuuliza kama kulikuwa na mafuta kulipuka vibaya (noki ya kwanza), amebandua kidonda akaacha mwiba. Injini mpya, tyuni ile ile, kifo kile kile. Nimeona watu wakilaani "Subaru" kwa hii kitu. Subaru haina makosa hapo.

Kujenga upya si kufungua na kufunga

Chukua EJ20, injini ambayo nusu yenu mnaiota usiku. Ilianza 1989. Silinda 4 zimelala, mbili kila upande, kipenyo milimita 92, mwendo wa pistoni milimita 75, jumla cc 1,994. Mwaka wa 2019 Subaru walitangaza toleo la mwisho lenye hiyo injini, WRX STI za magari 555 tu, wakaiaga. Kwa hivyo ile ex-Japan unayonunua Grogan ama Kirinyaga Road na kuileta na basi mpaka Kitale ni mtumba, hata ikioshwa ing'ae kama sufuria ya mgeni. Hujui iliishi vipi.

Sasa angalia kinachotakiwa ukiijenga kwa nguvu kubwa.

Mwanya kati ya beringi na krenki ni mdogo kuliko unywele wa kichwa chako. Kidole hakiwezi kuupima. Jicho haliwezi. Maikromita inaweza. Hata ule uzi laini wa plastiki unaoubana chini ya beringi na kusoma upana wake unaweza, na ni bei ndogo ukilinganisha na injini. Mwanya ukiwa mdogo sana, oili haipiti. Ukiwa mkubwa sana, presha ya oili inaanguka. Zote mbili zinaishia kwa tok tok tok.

Ringi za pistoni zina pengo pale ncha zake zinapokutana. Ukiongeza busti, joto linaongezeka, ringi inapanuka. Pengo likiwa dogo, ncha zinagusana, ringi haina pa kwenda, inakwama kwa ukuta wa silinda na kuvunja ukingo wa pistoni. Ndio maana injini ya busti kubwa hupewa pengo pana kidogo kuliko ya kawaida. Fundi anayetoa ringi kwa boksi na kuzisukuma ndani bila kupima pengo kwa kila silinda hajajenga injini. Ameikusanya tu.

Pistoni za kufuliwa, zile mnaziita foji, zinavumilia mengi kuliko za kumiminwa. Lakini nyingi zinapanuka zaidi zikipata moto, kwa hivyo silinda huchongwa na nafasi zaidi. Asubuhi na baridi ya Kitale utaskia zikigonga kidogo mpaka zipate joto. Hiyo ni kawaida yake. Kununua foji na kuziweka kwa silinda iliyochongwa "kama kawaida" ni kununua viatu vya bei na kuvivaa vikiwa vidogo.

Halafu uchafu. Injini iliyokula beringi imemwaga vumbi la chuma kila mahali oili inapita: njia za ndani ya bloku, pampu, hata kipozea oili. Ukibadilisha beringi na uache kipozea cha zamani, umefunga sumu pamoja na mgonjwa. Hii ni sababu moja kubwa ya "nilijenga ikakufa tena," na haina uhusiano wowote na uchawi wa jirani.

Na tafadhali, acheni kutoa themostati. Najua gereji nyingi zinafanya hivyo, "ndio injini isichemke." Themostati inasaidia injini kufikia joto lake la kazi na kubaki hapo. Injini baridi ina oili nzito, petroli inaoshea kuta za silinda, na ECU inabaki ikidhani gari imeamka sasa hivi. Kinachokuokoa na kuchemka ni redieta safi, kulanti ya kweli na kifuniko kinachoshika presha. Kumbuka pia Kitale maji matupu kwenye sufuria yanachemka karibu nyuzi 94, si 100. Kile kifuniko cha redieta kinachoonekana kitu kidogo kinafanya kazi kubwa zaidi huku juu kuliko Mombasa.

Petroli yetu si ya Japani

Gari nyingi za turbo kutoka Japani zilitengenezwa zikitarajia petroli yao ya daraja la juu, inayouzwa na oktani karibu 100. Oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia presha na joto bila kulipuka vibaya. Petroli tunayoweka hapa kila siku iko chini ya hapo. Hii pekee inatosha kufanya faili ya Japani kuwa hatari ukiiacha ilivyo na kuongeza busti.

Ongeza na petroli iliyochanganywa. Kenya iliweka kodi ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka wa 2018, hasa kwa sababu watu walikuwa wanayachanganya na petroli na dizeli. Mafuta ya taa yanashusha oktani. Kwa gari ya kawaida utaskia imekuwa mvivu. Kwa injini ya baa 1.2, hiyo ni nyundo juu ya pistoni. Kwa hivyo tyuni ya hapa inatakiwa iache nafasi ya usalama. Fundi anayekupa namba ndogo kidogo lakini akakwambia "nimekuachia nafasi ya siku utapata petroli mbaya" anakupenda kuliko yule anayekupa namba ya kupost.

Na kama mnataka kuota, oteni hii: nje huko watu wanatyuni na ethanoli sababu inavumilia sana presha na inapoza hewa inayoingia. Sisi tunaishi katikati ya miwa. Nzoia iko hapo Bukembe, na Muhoroni miaka ya 80 walitengeneza ethanoli ya kuchanganywa na petroli ya Kenya. Kuna kitu hapo cha watu wazima kufikiria. Lakini msiende kumwaga spiriti kwa tangi leo. Ethanoli inataka injekta kubwa, pampu kubwa na tyuni yake yenyewe.

Daino inafanya nini hasa

Wengi mnadhani daino ni mashine ya kutoa cheti cha kupost. Hapana. Ni mahali gari inakimbia kwa nguvu zote ikiwa imesimama, imefungwa, na mtu anaweza kuangalia kila kitu. Magurudumu yanazungusha rola. Mashine inajua rola ni nzito kiasi gani na inaongeza mwendo haraka kiasi gani, inapata torki. Torki ukizidisha na mizunguko unapata nguvu. Mfano: nyutoni-mita 400 kwa mizunguko 6,000 ni kilowati 251 hivi, karibu farasi 337. Si siri, ni hesabu ya Form Three.

Lakini ile namba ya juu ndio kitu cha mwisho. Anayetyuni anaangalia uwiano wa hewa na petroli. Ukiendesha pole injini inataka karibu sehemu 14.7 za hewa kwa 1 ya petroli. Ukikanyaga na busti, inataka petroli zaidi, kama 11 ama 12 kwa 1, ndio ndani kupoe. Anasikiza noki kwa mikrofoni iliyofungwa kwa bloku, hedifoni masikioni. Anaongeza cheche kidogo, anaangalia, anarudisha. Anaona busti ikipanda na kushuka. Anaona joto la hewa baada ya intakula. Akiona kitu kibaya, anaacha kukanyaga, na hakuna ng'ombe, nduthi wala mtoto wa shule mbele yake.

Hiyo ya mwisho naisema kwa uzito. Kutyuni barabarani, fundi na laptop kwa mapaja, gari ikikanyagwa mpaka mwisho pale kwenye barabara ya Kitale kwenda Webuye, kunaweka watu wasiohusika kwenye majaribio yetu. Kuna trekta za miwa. Kuna wamama wanatoka soko. Farasi zako hazina thamani ya maisha ya mtu aliyekuwa anavuka tu.

Hata karatasi inaweza kudanganya

Sasa hapa nitawageukia hata wale wenye karatasi. Daino nyingi zina kitu cha kurekebisha hewa. Inapima nguvu halisi, kisha inasema "hii gari ingekuwa usawa wa bahari ingetoa kiasi hiki." Kwa miinuko yetu, marekebisho hayo yanaweza kuongeza zaidi ya robo. Farasi 300 zilizopimwa kwa magurudumu zinatoka kwa printa zikiwa zaidi ya 370.

Kwa gari isiyo na turbo hiyo ina mantiki. Kwa turbo inadanganya, sababu turbo yenyewe tayari imeshafidia sehemu ya hewa iliyopotea. Unahesabu mara mbili. Kwa hivyo ukionyeshwa karatasi, uliza maswali mawili: ni za magurudumu ama mtu amekisia za krenki? Zimerekebishwa ama ni ghafi? Mwenye namba ya kweli hatakasirika.

Kuna pia njia ya kumshika mwongo bila daino. Forester XT ya SG5 ilitoka Japani na PS 220. STI zenyewe zilitangazwa PS 280 kwa miaka mingi. Kufika 400 kwa petroli unachoma zaidi ya lita 2 za petroli kwa dakika moja. Gawanya na injekta 4: kila moja inatoa karibu cc 580 kwa dakika bila kupumzika, na injekta inahitaji kupumzika, kwa hivyo unatafuta za cc 700 hivi. Msee akikwambia ana farasi 400 na injekta za kiwanda, na pampu ya petroli ya kiwanda, na turbo ya kiwanda, mwulize tu kwa upole: petroli inatoka wapi?

Najua mtasema nini

"Fundi wangu anatyuni na masikio." Masikio ni zawadi, siyadharau. Lakini angalia fundi wa pampu za dizeli, wale wanaotengenezea malori ya kwenda Malaba. Akifungua pampu, anaiweka kwa benchi, anaizungusha, anapima kila mdomo unatoa kiasi gani. Habahatishi, sababu mwenye lori atarudi na hasira. Yaani kupima si kitu cha Wazungu wala cha Nairobi. Kuko hapa, kwa mafundi wetu, miaka mingi. Ni sisi wa petroli na turbo tumeamua mlio unatosha.

"Daino ni mbali na ni ghali." Ni kweli kwamba kwa wengi wetu inamaanisha safari ya Nairobi, karibu kilomita 400 kwenda tu. Bei siandiki hapa, zinabadilika na dola. Lakini fanya hesabu rahisi: weka gharama ya safari na kikao kimoja upande mmoja, na injini ya pili ya ex-Japan upande wa pili. Umeona? Na kama huwezi kufika daino, bado kuna njia ya katikati: sensa nzuri ya uwiano wa hewa na petroli, kurekodi data kutoka ECU, busti ya chini, na mtu anayejua kusoma hiyo data. Si sawa na daino, lakini si upofu.

"Basi wacha tukae bila nguvu." Hapana. Nasema farasi 260 zilizopimwa, zenye breki nzuri na matairi mazuri, zitakupeleka mbali kuliko 400 za hadithi. Na ukitaka kukimbiza, kuna mashindano ya muda kama Kiambu Ring, mahali barabara inafungwa na kuna ambulensi. Nenda huko. Saa haijui kudanganya.

Tufanye nini basi

Kwanza, mafundi. Bro, anza kuandika. Karatasi moja kwa kila injini: mwanya wa kila beringi, pengo la kila ringi, kipenyo cha kila silinda, ulikaza boliti kwa kiasi gani, nani alichonga, tarehe gani. Mpe mwenye gari nakala, baki na yako. Siku injini ikirudi, hiyo karatasi ndio wakili wako. Itaonyesha kama ni kazi yako ama ni mtu alipandisha busti akiwa Kimilili na marafiki. Na kijana anayejifunza kwako atajifunza vipimo, si kuiga mkono wako tu.

Pili, wenye gari. Tuna chama za kila kitu. Za mazishi, za kuku, za ploti. Kwa nini tusiwe na chama ya siku ya daino? Magari 6 kutoka Kitale na Bungoma, tarehe moja, bei ya pamoja, fundi wetu mmoja anaenda nao akajifunze. Anarudi na maarifa yanayobaki huku.

Tatu, na hii ndio naitaka zaidi: vyuo. Kitale National Polytechnic inafundisha vijana wetu. Kabla hata ya daino ya magari, ninge­taka kila mwanafunzi wa magari hapo na kwa vyuo vya Bungoma atoke akijua maikromita kama anavyojua simu yake. Halafu tuongee daino. Na msiwaambie wakubwa ni ya watoto wa Subaru, watakataa. Waambieni ukweli: kuna daino inayofungwa kwa PTO ya trekta na kuonyesha kama trekta yako ya farasi 75 bado inatoa 75 ama imebaki 55 na inakula dizeli ya bure. Trans Nzoia ni nchi ya mahindi. Mkulima anayelima na trekta iliyochoka anapoteza pesa kila ekari bila kujua. Ujuzi wa kumpimia yeye ndio ujuzi ule ule wa kupima Impreza yako. Hapo tumekuwa na kazi, si mchezo.

Nne, mambo ya makaratasi mengine. Ukibadilisha injini, peleka namba mpya NTSA iingie kwa logbook. Na waambie watu wa bima umefanya nini kwa gari. Siku ya ajali si siku ya kuanza kueleza turbo ilitoka wapi.

Kabla hujalipa deposit

Nakuachia maswali. Screenshot hii sehemu, uende nayo gereji.

Utapima mwanya wa beringi na nini? Nionyeshe chombo.
Pengo la ringi utaliweka ngapi, na kwa nini?
Silinda zitachongwa wapi, kabla ama baada ya kupima pistoni mpya?
Kipozea oili kinabadilishwa ama kinarudi?
Injini iliyotangulia ilikufa na nini hasa? Kama hatujui, tunazuiaje isirudie?
Themostati inabaki?
Injekta na pampu ya petroli zinatosha kwa nguvu tunayolenga?
Siku za kwanza nitaendesha vipi, oili ya kwanza inamwagwa lini, na busti inakaa chini mpaka lini?
Nani anatyuni, wapi, na nitapata data yangu?

Fundi mzuri atafurahi ukimuuliza. Wengi wao wamechoka kufanya kazi nzuri na kushindwa na mtu wa bei rahisi mwenye mdomo. Ukiuliza, unampa nafasi ya kuonyesha tofauti. Akikasirika, akakwambia "wewe ndio fundi ama mimi," chukua funguo zako, sema asante, enda.

Na wewe mwenye farasi 400, sikupingi bado. Inaweza kuwa kweli. Weka grafu hapa chini, ya magurudumu, ghafi, tukuone. Ikiwa sawa nitakuja mwenyewe kukununulia chai na mandazi pale Kanduyi.